Nani Aruhusiwe Kumtibu Mgonjwa wa Akili?

Ndugu msomaji, ukitaka kuendesha lori utaulizwa leseni. Ukitaka kufungua duka utaulizwa leseni. Lakini mtu akisema anatibu wazimu, mara nyingi haulizwi kitu. Anapewa mgonjwa, anapewa mbuzi, anapewa na fedha. Mimi naona jambo hili si sawa.

Kwanza tujue lilikotoka. Sheria ya madaktari ya mwaka 1968 ilitaka daktari aandikishwe. Waganga wa jadi iliwaacha nje ya sharti hilo. Mganga aliyetambuliwa na watu wa jamii yake kwamba amefundishwa kazi hiyo aliruhusiwa kuwatibu watu hao, mradi asifanye jambo la kuhatarisha maisha. Wakati ule msamaha huo ulikuwa na maana. Madaktari walikuwa wachache. Hospitali ya Mirembe kule Dodoma, iliyoanza mwaka 1927 kwa ajili ya wagonjwa wa akili, ilikuwa mbali na vijiji vingi. Tena mganga alikuwa mtu wa hapo hapo. Akimdhuru mtoto wa jirani, nyumba yake ilijulikana.

Siku hizi mganga anakuja kwa basi. Anabandika tangazo kwenye mti, anapokea fedha, kisha anahama. Je, jamii yake ni ipi? Ndiyo maana naiunga mkono Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002. Sheria hii inamtaka mganga aandikishwe na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Basi kumwomba akuonyeshe cheti chake si kumtukana.

Wapo wazee wanaoniuliza, "Kijana, karatasi inaponya?" Hapana, mzee wangu, karatasi haiponyi. Hata cheti changu hakijamponya mtu. Lakini kinaonyesha nimefundishwa nini, na nimekatazwa nini. Nikivuka mpaka wangu, yupo mkubwa wangu wilayani wa kuniuliza. Mganga asiyeandikishwa anaulizwa na nani?

Kwa ugonjwa wa akili swali hili ni zito zaidi. Mtu mwenye jipu akiumizwa atapiga kelele na kuondoka. Mgonjwa wa akili akisema, "Nimepigwa, nimenyimwa chakula," watu husema ni wazimu wake unaomsemesha. Anaweza kufungwa mnyororo mguuni miezi mingi, kidonda kikaoza, na ndugu wakadhani ndiyo dawa. Mnyororo si dawa. Kipigo si dawa. Kumfukiza mtu moshi mpaka akose pumzi si dawa. Haya hayakuruhusiwa hata na msamaha ule wa zamani, kwa sababu yanahatarisha maisha.

Tena si kila anayepayuka ana wazimu. Mtu mwenye homa kali akianza kusema ovyo, huenda malaria imepanda kichwani. Huyu akilazwa siku mbili kwa mganga, anaweza kufa. Degedege la mtoto nalo ni hivyo hivyo. Wengi wetu tumeambiwa ni ndege au shetani, na kwamba mtoto akichomwa sindano atakufa. Si kweli. Mtoto hufa kwa sababu amecheleweshwa. Mwenye homa aje zahanati kwanza, usiku au mchana.

Sisemi waganga wote ni wabaya. Wapo wanaomsikiliza mgonjwa kwa muda mrefu kuliko sisi wa zahanati, wenye foleni mlangoni. Na dawa zetu nazo huisha. Lakini tangu miaka ya 1980, mpango wa taifa wa afya ya akili ulipoanza kwa mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro, imeonekana kwamba hata mtumishi wa kawaida wa zahanati akifundishwa anaweza kumhudumia mgonjwa wa akili au wa kifafa karibu na kwao. Mganga mwema tunaweza kushirikiana naye. Ila nyumba yake anakolaza wagonjwa iwe wazi, serikali ya kijiji na bwana afya waingie watazame.

Na wewe ndugu wa mgonjwa je? Wewe huhitaji leseni. Kumpikia, kumwogesha, kumkumbusha vidonge vyake, kumsindikiza zahanati, kukaa naye shambani akiwa ametulia, yote hayo ni kazi yako, na hakuna mtumishi atakayeifanya vizuri kama wewe. Lakini usimkatizie dawa kwa sababu umeona amepata nafuu. Wengi huugua tena hapo. Wala usimpe vidonge vya mgonjwa mwingine.

Ukifika kwa mganga, uliza cheti kabla hujamwacha mgonjwa wako. Akikasirika, rudi naye nyumbani, kisha mweleze mtendaji wa kijiji ni nani huyo na anakaa wapi.