Vocha ya Mbolea ya Ruzuku: Je, Yafaa Kuiuza?



Kadhia ya mbolea ya ruzuku nchini Kenya haijatutoka akilini. Mwaka 2023 Serikali ya huko ilishusha bei ya mfuko wa kilo 50 kutoka shilingi 3,500 hadi 2,500. Mkulima aliyesajiliwa hupelekewa vocha kwenye simu, akenda nayo ghalani. Ulipofika msimu wa mvua wa 2024, wakulima wakasikia kuwa baadhi ya mifuko waliyouziwa haikuwa mbolea. Mwezi wa Mei Bunge lilipiga kura kumng’oa Waziri wa Kilimo; kamati teule ikasema tuhuma hazikuthibiti, akabaki mpaka Baraza la Mawaziri lilipovunjwa Julai.

Upande wa ghushi hatuna haja ya kuurefusha. Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) alitia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta ndani pamerowa, na aliyomwambia mwenye chakula kila mtoto wa chuoni anayajua. Ila hapa aliyepunjwa si mnunuzi peke yake. Fedha zilizojazia ile bei zimetoka Hazina, na kila mlipa kodi, hata bibi anayenunua sukari robo, ana haki ndani yake. Na mkulima ukimrudishia pesa, mvua iliyopita humrudishii.

Linalotushughulisha zaidi ni swali la ndugu zetu, kwani na huku kwetu wakulima wa mpunga wa Cheju na Bumbwisudi wanaijua ruzuku: je, mtu anaweza kumuuzia mwenye pesa vocha yake?

Jambo hili si jipya. Zama za Marwan bin Al-Hakam, gavana wa Madina, watu waliandikiwa hati za kupokea chakula cha bandari ya Al-Jar, zikiitwa sukuk. Wakawa wanauziana hati kabla chakula hakijapokewa. Maswahaba, Abu Hurayrah miongoni mwao, wakamkabili Marwan wakimwambia amehalalisha riba, naye akatuma askari wazitoe mikononi mwa watu. Habari hii imo katika Muwattwa na katika Swahiyh Muslim.

Kweli, Imam An-Nawawi ameeleza kuwa kauli iliyo sahihi zaidi kwa wenzetu wa madhehebu ya Shafi’i ni kwamba mwenye hati wa kwanza anaweza kuiuza. Kilichokatazwa ni mnunuzi kuiuza tena kabla ya kupokea. Wapo wanaoishika kauli hii kuhalalishia vocha. Tunaona wamekosea mlango. Hati za Al-Jar zilikuwa posho ya mtu, haki iliyokwisha kuwa yake. Vocha ni punguzo la bei lenye sharti, nalo ni kulima. Asiyelima anauza nini? Na mwenye duka anayewapa wanyonge vijisenti akakusanya vocha za kijiji kizima, anakula haki za wengi. Vivyo hivyo sheha anayemthibitisha shemegi yake asiyekuwa na hata jembe: huo ni ushahidi wa uongo.

Mkulima wa kweli akishaipokea mbolea ikamzidia, hapo tunalegeza: amwachie jirani wa shamba kwa bei ile ile aliyonunulia. Aliyekwisha kuuza vocha atubie, na faida aliyoipata airudishe ilikotoka. Akishindwa, amnunulie mbolea mkulima aliyekosa.

Wa Allaahu A’lam.