Sidiria isiyo na mikanda: vazi la sherehe na mizigo yake Kanzenze

Katika vilima vya tarafa ya Kanzenze, wilayani Rubavu, magharibi mwa Rwanda, miezi ya kiangazi ni miezi ya harusi. Familia mbili hukaa zikitazamana katika sherehe ya gusaba, upande mmoja ukiomba mchumba na upande mwingine ukijivuta kujibu, kisha hufuata gukwa, yaani kutoa mahari. Bibi harusi na wasichana wanaomsindikiza huingia wakiwa wamevaa mushanana: sketi ya kujifunga iliyokunjwa kiunoni, blauzi ya kubana kifua, na kitambaa kirefu chepesi kinachopitishwa juu ya bega moja. Bega la pili hubaki wazi.

Bega hilo ndilo linalozua suala ambalo wanaume wengi walioketi katika hema la sherehe hawana habari nalo. Sidiria ya kawaida, ambayo kwa Kinyarwanda huitwa isutiye kutokana na neno la Kifaransa, huonyesha mkanda wake juu ya bega lililo wazi, na mkanda unaoonekana huhesabiwa kuwa uzembe wa mavazi. Jibu la wengi limekuwa sidiria isiyo na mikanda ya mabegani. Ni vazi linalovaliwa kwa saa chache tu, lakini linagusa afya ya mwanamke, mfuko wake, siasa za biashara ya mitumba na hata sheria ya maadili.

Kuficha mabega si jambo ambalo Afrika Mashariki ililisubiri kutoka ng'ambo. Katika mwambao wa Waswahili, kanga iliyofungwa juu ya matiti imekuwa vazi la nyumbani kwa vizazi, na haina mkanda wowote. Tofauti ni kwamba kanga hufunika. Haidai kuinua wala kuumba umbo. Sidiria ya kisasa iliandikishiwa hataza nchini Marekani mwezi Novemba 1914 na Mary Phelps Jacob, na ile isiyo na mikanda ilienea baadaye, magauni ya jioni yenye mabega wazi yalipoanza kupendwa katika miaka ya 1930 na zaidi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Ilibuniwa, kwa maneno mengine, kwa ajili ya mwanamke anayekaa mezani au kucheza dansi ya polepole.

Mzigo unapohama

Katika sidiria ya kawaida iliyokaa sawasawa, sehemu kubwa ya uzito hubebwa na mshipi unaozunguka kifua chini ya matiti; mikanda ya mabegani husaidia kuvishikilia vikombe mahali pake. Ikiondolewa mikanda, kazi yote humwangukia mshipi. Ndiyo maana sidiria isiyo na mikanda hushonwa ikiwa na mshipi mpana na mkazo zaidi, waya chini ya vikombe, vijiti vya plastiki ubavuni, na utepe wa silikoni kwa ndani unaong'ang'ania ngozi ili vazi lisiteleze.

Titi lenyewe halina misuli ya kulishikilia. Hutegemea ngozi na nyuzi nyembamba za ndani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Portsmouth nchini Uingereza, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakipima mwendo wa matiti, wameonyesha kwamba mwanamke anapotembea au kukimbia matiti hayapandi na kushuka tu, bali husogea pande zote na kuchora umbo linalofanana na tarakimu nane. Kwa mwenye kifua kidogo, mshipi ulio imara huweza kuumudu mwendo huo bila taabu. Kwa mwenye kifua kikubwa, ambapo kila titi huweza kuzidi nusu kilo, mshipi peke yake huanza kushindwa, na kila baada ya muda mfupi mwanamke huonekana akijivuta vazi juu kwa siri.

Sherehe ya Kinyarwanda huongeza mtihani ambao wabunifu wa Paris na New York hawakuufikiria. Katika ngoma ya wanawake, mikono huinuliwa na kutandazwa juu kuiga pembe ndefu za ng'ombe wa inyambo. Mikono ikipanda, mbavu hutanuka. Ikishuka, kifua hupungua. Mshipi uliokuwa umekaza hupata nafasi ya kuteleza. Kwa hiyo mwanamke anayenunua sidiria hiyo kwa ajili ya gusaba ana njia rahisi ya kuipima kabla ya kulipa: ainue mikono yote miwili mara kadhaa aone kama vazi limebaki lilipokuwa. Shida ni kwamba masoko mengi ya vijijini hayana chumba cha kujaribia, na sidiria hupimwa kwa jicho au juu ya sweta. Tafiti za nchi mbalimbali zimerudia kuonyesha kuwa wanawake wengi huvaa saizi isiyowafaa hata pale ambapo vyumba vya kujaribia vipo.

Hali ya hewa, angalau, iko upande wa Kanzenze. Nyanda hizi za juu chini ya milima ya volkano ni za baridi, na jasho si adui mkubwa kama lilivyo Mombasa au Dar es Salaam, ambako silikoni iliyolowa jasho huteleza na kuwasha ngozi ndani ya saa moja.

Afya: hofu ya kweli na hofu ya uvumi

Uvumi unaosambaa zaidi ni ule wa saratani. Asili yake inajulikana: mwaka 1995 kilichapishwa nchini Marekani kitabu cha Sydney Ross Singer na Soma Grismaijer kilichodai kuwa sidiria inayobana huzuia mzunguko wa majimaji mwilini na kusababisha saratani ya matiti. Dai hilo limesafiri hadi kwenye simu za mkononi za Afrika Mashariki. Mwaka 2014, watafiti wa kituo cha Fred Hutchinson mjini Seattle walilinganisha zaidi ya wanawake 1,000 waliokuwa na saratani ya matiti na wengine mia kadhaa wasiokuwa nayo, wakiwauliza kwa kina kuhusu sidiria walizovaa maishani. Hawakuona uhusiano wowote, iwe kwa saa za kuvaa, waya, saizi ya kikombe au umri wa kuanza kuvaa.

Madhara yaliyo halisi ni madogo kuliko saratani lakini huumiza. Mshipi unaokaza kupita kiasi huacha alama, huchubua ngozi chini ya matiti na kumfanya mvaaji apumue kwa shida baada ya saa nyingi. Baadhi ya ngozi hazivumilii silikoni wala gundi ya vikombe vya kunata, na hutoka vipele. Kwa mama anayenyonyesha, tahadhari ni kubwa zaidi: wakunga na madaktari hushauri kuepuka nguo zinazokandamiza matiti, kwa kuwa mkandamizo wa muda mrefu huweza kuziba vijia vya maziwa na kufungua njia ya uvimbe wenye maumivu na homa. Nchini Rwanda, ambako uchunguzi wa kitaifa wa afya ya jamii wa 2019 na 2020 ulionyesha kuwa watoto wapatao asilimia 81 walio chini ya miezi sita hunyonyeshwa maziwa ya mama pekee, hilo si onyo la watu wachache. Wake wengi wachanga wanaoalikwa kusindikiza bibi harusi wana mtoto mgongoni.

Kuna pia wanaofaidika. Mwanamke ambaye mikanda ya sidiria ya kawaida humkata mabega, au mwenye jeraha au maumivu ya bega, hupata nafuu mzigo unapohamia kifuani. Lakini aliyeondolewa titi kwa upasuaji yuko katika hali nyingine kabisa. Titi la bandia linahitaji mfuko ndani ya kikombe na mikanda ya kulishikilia. Sidiria isiyo na mikanda hailibebi kwa uhakika. Tangu kituo cha saratani cha Butaro kilipofunguliwa mwaka 2012 katika wilaya ya Burera, kaskazini mwa nchi, wanawake wa vijijini wamepata mahali pa kutibiwa ugonjwa huo ndani ya Rwanda, na idadi ya wanaorudi nyumbani na kutamani kuvaa mushanana kama wenzao si ya kupuuzwa. Wauzaji wa nguo hawajawafikiria bado.

Robota la kilo 45

Hapa ndipo suala la vazi linapogeuka kuwa suala la uchumi. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua ili kulinda viwanda vyao. Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo kuukuu, ambazo huko huitwa caguwa, kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Robota la kilo 45 lililokuwa likitozwa dola 9 likawa linatozwa dola 112.50. Chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu cha Marekani kililalamika. Kenya, Tanzania na Uganda zikalegeza msimamo, Rwanda ikakataa, na mwezi Julai 2018 Marekani ikaisimamishia nafasi ya kuuza nguo bila ushuru chini ya mpango wa AGOA.

Serikali ya Kigali ilitetea hatua hiyo kwa sababu mbili: viwanda na heshima. Kuhusu nguo za ndani, hoja ya heshima ina uzito ambao ni vigumu kuupinga. Tanzania ilipiga marufuku nguo za ndani za mitumba, sidiria zikiwemo, na Shirika la Viwango la nchi hiyo limekuwa likifanya misako masokoni. Ghana ina sheria ya namna hiyo tangu 1994, na Zimbabwe ilifuata mwaka 2011. Sababu zinazotajwa ni usafi na utu wa mvaaji.

Kuna hata hivyo sababu ya tatu, ambayo ni ya kiufundi na haisemwi sana. Mpira ulio ndani ya kitambaa huchoka kwa kuvaliwa na kufuliwa. Sidiria ya kawaida iliyochoka bado husaidiwa na mikanda yake. Isiyo na mikanda ikichoka haina pa kushikilia, na utepe wa silikoni uliokwisha kukusanya vumbi na sabuni haung'ang'anii tena. Katika nguo zote za mtumba, hii ndiyo yenye hasara kubwa zaidi kwa mnunuzi.

Lakini ushuru haukuondoa mahitaji. Mji wa Gisenyi umepakana na Goma mtaa kwa mtaa, na Polisi ya Rwanda imetangaza mara nyingi kukamata caguwa ya magendo katika wilaya ya Rubavu. Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwezi Januari 2025, biashara ndogo ya mpakani, ambayo kwa sehemu kubwa hufanywa na wanawake, iliingia katika mashaka zaidi. Mkulima wa viazi wa Kanzenze anayekwenda soko la Mahoko hukuta basi chaguo la aina mbili: sidiria mpya ya bei nafuu kutoka China, ambayo mpira wake huenda usidumu hata msimu mmoja, au iliyo bora kwa bei isiyolingana na vazi la kuvaliwa mara tatu kwa mwaka. Viwanda vilivyoahidiwa vimeajiri watu katika Eneo Maalumu la Kiuchumi la Kigali, ila kumfikia mwanamke huyo ni jambo lingine.

Jicho la umma

Mwezi Agosti 2022, msichana wa miaka 24 alikamatwa mjini Kigali na kushtakiwa kwa kitendo cha aibu hadharani, kwa sababu ya gauni la kuonyesha mwili alilovaa kwenye tamasha la mwanamuziki wa Ufaransa Tayc. Kosa hilo huadhibiwa kwa kifungo cha miezi sita hadi miaka miwili. Aliachiwa kwa dhamana, na mjadala ukaigawa nchi. Uganda ilikuwa imepitia njia hiyo mapema: sheria ya 2014 dhidi ya ponografia, ambayo wananchi waliiita sheria ya sketi fupi, ilifuatiwa na mashambulizi dhidi ya wanawake mitaani, hadi Mahakama ya Katiba ilipobatilisha vifungu vyake vikuu mwaka 2021.

Katika muktadha huo bega la mushanana ni kinaya. Bega lile lile linalosifiwa kama urithi wa taifa kwenye gusaba huweza kuitwa utovu wa adabu likionekana katika gauni la usiku. Mwanamke anatakiwa aonyeshe bega na afiche kila dalili ya kile kinachomshikilia, na gharama ya ufichaji huo ni yake peke yake.

Mushanana, hata hivyo, haliachi mabega yote mawili wazi. Moja hufunikwa na kitambaa. Sidiria ambayo mkanda wake mmoja unaweza kufunguliwa na mwingine kubaki chini ya kitambaa hutoa nusu ya msaada unaopotea, na haihitaji mshipi wa kukaba pumzi. Kasoro yake ni kwamba vitambaa vingi vya mushanana siku hizi ni vyepesi kiasi cha kuonyesha kilicho chini, hivyo mkanda huo sharti ufanane na rangi ya kitambaa au ya ngozi. Njia nyingine iko kwa fundi cherehani wa kijijini: kushonea vikombe na vijiti ndani ya blauzi yenyewe, kwa vipimo vya mvaaji, ili asivae sidiria kabisa. Kazi hiyo humgharimu mteja mara moja, na blauzi huweza kupanuliwa au kupunguzwa mwili unapobadilika baada ya uzazi. Kwa wanaokodi mushanana kwa siku moja, ambao ni wengi, blauzi hurudishwa jioni pamoja na kitambaa, na sidiria ya madukani hubaki ndiyo chaguo pekee.

Kwa hao, kipimo ni kuvuta mshipi kwa vidole viwili na kuuachia. Ukirudi taratibu, mpira wake umekwisha, hata kama lebo bado inaning'inia.