KOSA ZITO NI KOSA GANI?

Ndugu wafanyakazi wa mgodi na wa mji, nanyi mama mnaongoja mshahara nyumbani,

Neno moja linazunguka katika kambi zetu toka Lubumbashi mpaka Kolwezi: kosa zito. Mkubwa wa kazi akikasirika, analitamka. Mtu wa miaka kumi kazini anapewa barua asubuhi, mchana getini hapiti tena. Akiuliza amefanya nini, anajibiwa: "Imeandikwa." Barua ni ya Kifaransa, naye amekwisha kutia sahihi.

Tunasema wazi: hasira ya mkubwa si kosa zito. Sheria ya Kazi ya 16 Oktoba 2002 imeyataja makosa hayo: udanganyifu na wizi, kupiga watu, matusi makali, kuwasumbua wanawake kazini, kuharibu mali kwa kusudi, uzembe unaohatarisha usalama. Aliyeiba waya wa shaba usiku asitafute machozi yetu. Dereva mlevi ataua wenzake kabla ya kumdhuru tajiri. Sendika inayomtetea mtu huyo itasikilizwa na nani siku ya kumtetea asiye na kosa?

Lakini kuingia sendika, kumshtaki tajiri, kuwa na mimba, sheria inasema si sababu ya kumfukuza mtu. Tena tajiri anayetaka kumfukuza mtu kwa kosa zito ana siku 15 za kazi tu, tangu alipolijua jambo, kumwandikia. Na sababu lazima iwe ndani ya barua. Jambo alilolijua mwezi wa pili, akalifukua mwezi wa tisa siku mtu alipodai haki yake, hicho ni kisingizio.

Kwa nini neno hilo linapendwa hivyo? Sisi makarani tunaijua hesabu. Mwenye kontra isiyo na mwisho, akiachishwa kwa sababu nyingine, anapewa taarifa ya siku 14 za kazi, na siku 7 juu yake kwa kila mwaka mzima. Miaka kumi ni siku 84. Kwa kosa zito hapati hata moja! Baba zetu, chini ya dekreti ya 16 Machi 1922, walitiwa gerezani kwa kuvunja kontra. Gereza hilo limekwisha. Siku hizi kalamu inatosha.

Basi ukipewa barua, usitie sahihi mbele ya kusomewa na mtu unayemwamini. Ukilazimishwa, andika "nimepokea" na tarehe, si zaidi. Uende kwanza kwa inspekta wa kazi, maana tribinali haipokei shauri lisilopita kwake kwa mapatano. Tribinali ikiona sababu haifai, mtu anarudishwa kazini. Asiporudishwa, analipwa fidia isiyozidi mishahara ya miezi 36.

Na siku ulizokwisha kuzifanyia kazi zinalipwa zote, hata kama kosa ni la kweli. Wengi wanaondoka bila kuzidai.