SIDIRIA INAYOBANA SIYO HESHIMA. CHUKUA MKASI

SEHEMU YA 1

Mama zangu, dada zangu, na nyie akina baba mnaosomaga kimyakimya. Leo naandika nikiwa na hasira, na nusu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Juzi kaletwa mama kwa boti, mtoto ana siku 9. Ametetemeka homa usiku kucha. Ziwa la kushoto jekundu, gumu, ukiligusa anaruka. Nikamwomba avue nimwangalie. Jamani! Sidiria mpya kabisa, ya waya, na waya umechora mstari palepale penye uvimbe. Namuuliza, hii umeivaa tangu lini? "Tangu nimejifungua, nesi. Hata kulala nalala nayo. Wifi kasema nisipojibana yataanguka." Na upande ule alikuwa ameshaacha kunyonyesha, maana jirani kamwambia maziwa yameoza.

Sasa hasira juu yangu iko hapa. Mama huyu nilimhudumia mimi kliniki akiwa mjamzito. Nilimwambia kwa mdomo wangu: "Ukijifungua, tafuta sidiria ya kunyonyeshea." Aitafute wapi? Hapa Kiongoroni dukani kuna sabuni, chumvi, mafuta ya taa na betri. Kutoka huku visiwani unasubiri maji yajae, unapanda boti, ukishuka unatafuta usafiri wa kwenda Kibiti mjini, na huko nako uombe Mungu uikute. Kwa hela hiyo nyumba inakula siku ngapi? Akanunua alichokipata kwa mchuuzi. Nilimpa ushauri wa mtu anayeishi karibu na maduka makubwa.

Manesi wenzangu, tuache hii tabia. Ushauri ambao mama hawezi kuufuata si ushauri, ni lawama tunayomwekea mbele. Badala ya kumwambia anunue, tumfundishe kukata na kushona. Mkasi upo, sindano ipo, uzi upo. Kinachokosekana ni ruhusa.

SEHEMU YA 2

Kwa nini nguo ya ndani iwe habari ya nesi? Kwa sababu maziwa yanapoingia kwa wingi, mara nyingi kuanzia siku ya 3 mpaka ya 5, ziwa linajaa na kuwa zito. Ukilibana, maziwa yanashindwa kutoka vizuri, nyama za ndani zinavimba, maumivu yanaanza. Ukiacha kunyonyesha kwa sababu ya maumivu, hali inazidi. Hapo ndipo homa inapoingia, na mwingine anafikia jipu la kupasuliwa.

Maziwa hayajaoza, mama. Endelea kumnyonyesha mtoto upande huohuo kama kawaida. Weka kitambaa cha maji baridi ziwa lipoe. Usilikande kwa nguvu kama unga wa chapati, unajiumiza zaidi. Ukiwa na homa, au siku moja imepita hupati nafuu, au unaona usaha, panda boti uje. Usisubiri.

Na aliyejifungua kwa upasuaji je? Mpira wa chupi unakaa juu ya mshono hasa. Joto, jasho, msuguano. Halafu tunashangaa kidonda kinachelewa kupona.

SEHEMU YA 3

Najua mtakachoniambia. Nimeshayasikia yote.

"Yataanguka." Dada, kinacholegeza matiti ni mimba na umri. Kunyonyesha hakulegezi, na kujibana hakuzuii. Wifi yako ana nia njema, lakini hapo kakosea.

"Mume wangu atasema navaa matambara." Basi mwambie aje kliniki nimweleze jipu la ziwa linavyopasuliwa, ndiyo achague kati ya kifungo na kisu. Na nyie akina baba, wavu ukichanika unaushona, jahazi likivuja unaliziba, hakuna anayekuita maskini. Mkeo akirekebisha nguo yake imfae, mbona inakuwa aibu?

"Nguo ya ndani haizungumzwi hadharani." Siri ya nguo nakubali. Siri ya maumivu sikubali.

"Bibi zetu hawakufanya hivyo." Wee! Bibi zetu ndio walimu wa jambo hili. Mkaja ni nini? Ni kitambaa cha kufunga tumbo baada ya uzazi. Kinafungwa kwa mkono: leo umevimba unakilegeza, kesho umepungua unakaza kidogo. Kitambaa kilimfuata mwili wake. Sisi tumeletewa mpira wa kiwandani, sasa mwili ndio unalazimishwa kufuata nguo. (Mkaja wenyewe usikazwe mpaka ukashindwa kuvuta pumzi, na kama una mshono wa upasuaji tuulize kwanza.)

Hata hiyo sidiria mnayoiona kitu cha dukani kisichoguswa, historia yake ni kushona nyumbani. Huko New York mwaka 1910 hivi, binti mmoja aitwaye Mary Phelps Jacob alichoka na nguo ngumu ya kubana kifua iliyochomoza kwenye gauni lake. Akamwita mfanyakazi wa nyumbani, wakachukua leso mbili za hariri na utepe, wakashona. Mwaka 1914 akapewa hataza ya serikali ya Marekani. Ni leso mbili na utepe tu! Wewe wa Kiongoroni mwenye kanga sanduku zima unaogopa nini?

SEHEMU YA 4: SIDIRIA

Waya kwanza. Toboa tundu dogo mwisho wa waya, upande wa kwapa. Uvute wote utoke, shona tundu. Dakika tano.

Inabana mgongoni? Usiitupe ile mbovu iliyochanika. Kata kipande chake cha nyuma chenye vikulabu, kiunge kwenye hii. Umepata nafasi. Kipimo: vidole viwili vipite chini ya mkanda bila kulazimisha.

Kuifanya ya kunyonyeshea: fumua mkanda wa bega pale unapokutana na kikombe kwa mbele. Kabla hujafanya lingine, shona utepe wa pamba kutoka ncha ya mkanda huo kwenda chini, pembeni ya ziwa, mpaka kwenye mkanda wa chini karibu na kwapa. Wengi wanasahau hapa, wakifungua tu mkanda unarukia mgongoni. Sasa weka kifungo kwenye ncha ya mkanda na kitanzi juu ya kikombe. Unafungua kwa mkono mmoja, mwingine umembeba mtoto.

Kifungo kishone kwa uzi maradufu na ukivute kila siku kukipima. Kikilegea kitoe, mtoto asije akakimeza. Una wasiwasi? Tumia kamba mbili fupi za kitambaa, funga na kufungua.

SEHEMU YA 5: CHUPI

Fumua pindo la kiuno, toa mpira, pitisha kamba laini ya pamba. Kama una mshono, ongeza kipande kipana cha kanga kuukuu juu, ili kiuno kikae karibu na kitovu, mbali na kidonda.

Nyumbani una mama mkwe aliyepata kiharusi, au mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye kumvalisha ni vita? Kata chupi pembeni zote mbili, pinda kingo, weka kamba za kufunga. Unamvalisha amelala, bila kumvuta miguu. Mama mmoja nilimwonyesha hili, akalia. Miaka minne alikuwa anamvuta mwanawe, na mwana analia naye.

Kitambaa kiwe cha pamba, kifuliwe, kianikwe juani. Siyo chini ya godoro wala nyuma ya mlango. Huku kwetu kwenye mikoko hewa ina unyevu, nguo isiyokauka inaleta muwasho na fangasi, halafu mnakuja mnaniambia UTI. Na chupi za mitumba mniache nazo. TBS ilishazipiga marufuku, lakini kwenye magulio bado zinauzwa. Afadhali ushone kutoka kwenye tisheti yako mwenyewe.

SEHEMU YA 6, YA MWISHO

Yule mama tulimtibu, na anaendelea vizuri. Waya niliuchomoa mimi mwenyewe, yuko palepale kitandani ananiangalia kama nachana noti. Mtoto kanyonya upande ule usiku uleule. Kanipa ruhusa niandike, jina lake silitaji.

Kuanzia wiki hii, kliniki ya wajawazito njoo na sidiria yako moja ya zamani, sindano na uzi. Mkasi ninao. Tutakaa chini ya mti tushone wote kabla ya kupima uzito. Wifi naye aje. Hasa wifi.

Mtumie hii dada yako aliyeko Mbwera, Salale, popote. Ukishamaliza kushona nitumie picha ya sidiria. Ya sidiria tu, jamani, tusielewane vibaya.