Alikuangalia, lakini hakukuona

Hebu nyoosha mkono mbele yako, uangalie ukucha wa kidole gumba. Eneo la ukubwa kama huo ndilo pekee ambalo jicho lako linaona wazi kabisa kwa wakati mmoja. Mengine yote yana ukungu, ila ubongo unayapanga vizuri hadi unadhani umeona kila kitu.

Ndiyo maana macho hayatulii. Yanaruka mara tatu hivi kwa sekunde, na yakiwa katikati ya mruko ni kama hayaoni. Sasa mpe macho hayo dereva wa lori anayeteremka Salgaa kwa kilomita 80 kwa saa. Kila sekunde anakula mita 22. Akituliza jicho mahali pamoja tu, hata kabla halijaruka tena, lori limeshasonga karibu mita saba.

Nalileta hili kwa sababu ajali ikitokea huku kwetu, kuanzia Gilgil hadi Mau Summit, utetezi ni uleule: "Sikumwona." Na sisi tunajibu haraka: huyo ni mwongo, alikuwa kwa simu, alikuwa amelewa. Wakati mwingine ni kweli kabisa. Lakini watu wanaochunguza jinsi macho yanavyotembea wana habari mbaya zaidi. Mtu anaweza kukuangalia moja kwa moja, akiwa hajalewa na simu iko mfukoni, na bado asikuone.

Mwanasayansi mmoja wa Urusi, Alfred Yarbus, aliwaonyesha watu mchoro wa Ilya Repin wa mwanamume anayeingia nyumbani ghafla baada ya kupotea muda mrefu. Alikuwa na kifaa cha kufuatilia kila mruko wa jicho. Alipowaacha waangalie wapendavyo, macho yalikimbilia nyuso za watu. Kisha akamwuliza mmoja maswali: hawa watu wana umri gani? Familia hii ina mali? Wamevaa nini? Mchoro ni uleule na mtu ni yuleyule, lakini kila swali liliyapeleka macho njia yake. Kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka wa 1967 na hadi leo bado kinatajwa.

Maana yake ni kwamba jicho linaenda kule kazi inakolituma.

Mwaka wa 2013, watafiti wa Marekani walichapisha jaribio lingine. Waliwapa madaktari 24 wa kusoma picha za mapafu kazi ya kutafuta vivimbe vidogo. Ndani ya picha wakaficha sokwe mkubwa mara 48 kuliko kivimbe cha kawaida. Madaktari 20 hawakumwona. Kati ya hao, 12 macho yao yalitua palepale alipokuwa. Na hawa ni watu ambao kuangalia ndiyo kazi yao.

Sasa njoo mzunguko wa KFA saa kumi na mbili jioni. Dereva wa matatu anatafuta nini? Abiria aliyeinua mkono. Matatu ya nyuma inayotaka kumpiku. Polisi. Nafasi ya kujipenyeza. Hizo ndizo kazi ambazo macho yake yamepewa, kwa sababu ndizo zinazomletea pesa ya siku au kumpotezea. Mwanafunzi anayevuka akiwa na begi mgongoni hayuko kwenye hiyo orodha. Bodaboda asiye na taa pia hayuko. Wao ndio sokwe wa picha ile.

Halafu 2027 inakaribia, na unajua mabango yatakavyojaa. Jicho lisilo na kazi maalum hukimbilia uso wa mtu, na wanasiasa wanalijua hilo kuliko sisi. Uso mkubwa wenye tabasamu ukiwekwa karibu na kivuko unashindana na wewe unayevuka. Mimi nikiulizwa, hapo bango lisisimame kabisa.

Usinielewe vibaya, simtetei dereva mzembe. Na si kila ajali ni ya macho. Juni 30, 2023, lori lilipoteza mwelekeo pale Londiani Junction likawagonga wachuuzi, bodaboda na waliokuwa wakingoja magari. Zaidi ya watu 50 walikufa. Lori likishashindwa kusimama, hata dereva akiwaona watu wote, haisaidii. Lakini somo ni lilelile: tumejenga maisha yetu kando ya barabara tukitegemea kwamba kila dereva ataona, na kila breki itashika.

Kenya hupoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kila mwaka, na kundi kubwa zaidi ni la wanaotembea kwa miguu. Kila mwaka tunaambiwa tuwe waangalifu. Sawa, vaa riflekta usiku. Usivuke hadi gari lisimame, hata kama mmeangaliana na dereva. Lakini ushauri huo unamwachia mwenye miguu mzigo wote, na sayansi inasema hata dereva mzuri atakukosa siku moja.

Na hapa ndipo kuna habari ya sasa. Upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit ulizinduliwa Novemba 2025. Itakuwa na angalau njia nne, na foleni itapungua. Nani hataki kufika Nairobi mapema? Lakini barabara pana ina magari ya kasi zaidi, na wewe wa Free Area au Pipeline unayevuka kwenda kazini utakuwa na njia nyingi zaidi za kukimbia kabla ufike ng'ambo.

Kwa hivyo MCA wako, au mbunge wako, akija mtaani kujisifu kuhusu lami, muulize mambo matatu. Watu watavukia wapi, na je, hapo pana matuta, taa au daraja? Steji ya bodaboda itahamishiwa wapi, mbali na ukingo? Na mama wa mboga, atapewa soko au atafukuzwa tu, arudi palepale wiki ijayo?

Akianza kukueleza kuhusu madereva kuwa macho, mwambie ahesabu yale mabango yenye uso wake kando ya barabara.