Ulimi Haukuteleza

Wachambuzi wa Marekani walizihesabu kauli za Mitt Romney kana kwamba ni ajali za ulimi. Desemba 2011, katika mdahalo wa Iowa, alimtaka Rick Perry waweke dau la dola 10,000. Januari akadai kwamba kipato chake cha kutoa hotuba si kikubwa. Kumbe kilizidi dola 370,000 kwa takriban mwaka mmoja. Februari, akiwa Detroit, mji uliochoshwa na ukosefu wa ajira, akataja kwamba mkewe ana Cadillac mbili.

Huko si kuteleza. Mtu hupima dunia kwa kibaba cha nyumbani kwake. Lililoudhi ni kuwa kicheko kilifunika hoja. Taarifa za kodi alizozitoa Januari 2012 zaonesha kwamba mwaka 2010 alipata zaidi ya dola milioni 21, akalipa kodi ya serikali kuu takriban asilimia 14. Hakuvunja sheria. Sheria yenyewe wakati huo ilitoza faida ya mitaji asilimia 15, ilhali mishahara minono ilitozwa hadi asilimia 35.

Na mahasimu wake je? Newt Gingrich, aliyemsuta kwa utajiri, alipendekeza faida hiyo isitozwe hata senti. Nyani haoni kundule.

Mpiga kura anayeicheka Cadillac na kuisahau sheria amecheka bure. Asiulize mgombea ana magari mangapi. Aulize sheria ya kodi imeandikwa kwa manufaa ya nani.