Hasira ya Mafuriko Isikauke Pamoja na Maji

Kila mvua kubwa inapoipiga pwani yetu, wakazi wa Nyali na Kisauni huuliza swali lile lile: serikali iko wapi? Maji yakituama mitaani, yakaingia majumbani na kuchanganya uchafu wa vyoo vya shimo na maji ya visima, wenyewe ndio hubeba watoto na magodoro, na majirani ndio hufika kwanza. Viongozi huja baadaye na blanketi na unga. Watu hupandwa na hasira, na haki wanayo. Ila hasira hiyo ina upungufu mmoja: huja na mvua ikaondoka na mvua. Jua likichomoza, kila mtu hurudi kwenye shughuli zake, na aliyekuwa na wajibu hupumua. Rai yangu ni kwamba kuchelewa tunakokulalamikia hakuanzi siku ya mafuriko. Kunaanza miezi ya ukavu, wakati hakuna anayelalamika, na huko ndiko hasira yetu inakopasa kuelekezwa.

Tuitazame vuli ya mwaka 2023. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ilitoa tahadhari ya El Niño kabla mvua hazijaanza. Mwanzoni mwa Oktoba, Rais William Ruto aliwaambia Wakenya kuwa El Niño iliyohofiwa haitakuwapo, na idara hiyo ikalazimika kufafanua kuwa mvua zinazozidi kawaida zilikuwa bado zinatarajiwa. Novemba maji yakaja, kuanzia Mombasa na Tana River hadi Garissa na Mandera. Baraza la Magavana likataka litangazwe janga la kitaifa, na mwishoni mwa mwezi huo ndipo Baraza la Mawaziri likaitwa katika kikao maalumu. Kabla ya mwaka kwisha, watu zaidi ya 150 walikuwa wamefariki na zaidi ya nusu milioni wameyahama makwao. Ingedhaniwa kuwa somo limeingia. Miezi michache baadaye, masika ya 2024 yakaua zaidi ya watu 200, makumi kati yao katika usiku mmoja wa kuamkia Aprili 29 huko Mai Mahiu. Amri ya kuwahamisha walioko kwenye maeneo ya hatari ilitiliwa mkazo baada ya maiti kuanza kuopolewa. Habari za mvua hazikukosekana hata mara moja. Kilichokosekana ni mtu wa kuzifanyia kazi.

Wako watakaosema kuwa mvua ni majaaliwa ya Mungu, na kuilaumu serikali ni kukosa imani. Kwamba mvua hunyesha kwa amri ya Mwenyezi Mungu, hapana ubishi. Lakini Nabii Nuhu, ambaye Waislamu na Wakristo wa pwani hii wote wanakijua kisa chake, aliijenga safina juu ya nchi kavu, akivumilia dhihaka za watu wasioona hata wingu. Utiifu wake ulikuwa katika kazi ile ya mapema. Kiongozi aliyepewa tahadhari na asizibue mtaro hawezi kujificha nyuma ya kadari, kwani mvua imeumbwa, ila mtaro uliozibwa ni kazi ya binadamu.

Wengine watasema wenye makosa ni wananchi wenyewe, kwa kutupa taka ovyo na kujenga kwenye mapito ya maji. Neno hili lina ukweli, na kila mmoja wetu alipokee lililo lake. Hata hivyo, taka zinazoziba mitaro ni zile ambazo hazikuzolewa, na nyumba zilizoziba mapito ya maji hazikuota usiku mmoja. Ramani hupitishwa ofisini, na ujenzi usio na ramani huonekana na kila afisa apitaye barabarani. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inaikabidhi kaunti mifumo ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa, na usimamizi wa majanga umewekwa kwa serikali zote mbili, ya kitaifa na ya kaunti. Kwa hiyo mchezo wa Nairobi kusema ni kazi ya kaunti, na kaunti kusema ni kazi ya Nairobi, hauna msingi wa sheria. Kosa la mwananchi halifuti wajibu wa aliyeapa kuitumikia Katiba.

Hoja nzito zaidi ni ile ya fedha: nchi ina madeni, kaunti zina mishahara ya kulipa, itatoka wapi pesa ya mitaro? Jibu la kwanza ni kuwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inairuhusu kila kaunti kuwa na mfuko wa dharura. Jibu la pili, lenye uzito zaidi, ni mfano wa Bangladesh, nchi ambayo haikuwa tajiri. Kimbunga cha mwaka 1970 kiliua watu wapatao 300,000 huko. Wakajenga majengo ya kukimbilia, wakafunza maelfu ya watu wa kujitolea wa kupita vijijini kutoa tahadhari, na kimbunga kikali cha Sidr kilipopiga mwaka 2007, waliokufa walikuwa maelfu machache. Huzuni ilikuwapo, lakini watu wengi mno waliokolewa na kazi iliyofanywa miaka mingi kabla ya upepo kuvuma. Wahenga walisema ajizi nyumba ya njaa, nasi tumeona kuwa pia ni nyumba ya msiba, tena msiba wa gharama: kujenga upya daraja na kutibu kipindupindu hula fedha nyingi kuliko kuzibua mtaro.

Basi ndugu zangu wa Kongowea, Mkomani, Frere Town, Ziwa la Ng'ombe na Kadzandani, hasira yenu iwekeni akiba, muitumie kwa wakati wake. Mpango wa maendeleo wa kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Vikao vya maoni ya umma vikiitishwa, msiwaachie wapiga makofi. Nendeni mkaulize ni mtaro upi utachimbwa, kwa shilingi ngapi, na utakamilika lini. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 za kujibu ombi la mwananchi, basi andikeni, mkatunze nakala. Wazee wa mitaa, maimamu, wachungaji na vikundi vya akina mama waorodheshe sehemu zinazofurika, wampe mwakilishi wa wadi kabla ya vuli, kisha wamwite mbele ya watu aeleze alilofanya. Na siku ya kura ikifika, apimwe kwa orodha hiyo, wala asipimwe kwa blanketi alizogawa.